Mizuka ya Krismasi Chumbani mwa Bi Asila

Wiki iliyopita nilikuwa nimesimama katika duka la fundi wa redio, Maskati, nangojea feni yangu, nikasikia nyuma ya pazia kaseti inarudishwa nyuma. Mnaujua mlio ule: mwembamba, wa haraka, kama ndege wadogo mia waliofungiwa ndani ya debe, kisha kta, na kimya. Fundi alikuwa anaijaribu tu redio ya mtu. Mimi nilishika ukingo wa meza. Nilikuwa tena na umri wa miaka tisa, miguu mitupu juu ya sakafu, sikio limeganda kwenye mlango wa Bi Asila, nyumbani kwetu Ibra, saa nane za mchana.

Nasema saa nane za mchana, na mnisadiki. Hadithi za mizuka nilizokuja kuzisoma ukubwani zote zina usiku na upepo na mbwa anayelia. Mizuka yetu ilikuja baada ya wali, wakati jua limesimama katikati ya uwanja, mbuzi wamejibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli, na watu wote wenye akili wamelala.

Nyumba ilikuwa ya Bibi Thuwaiba, mama yake baba yangu. Alitoka Unguja mwaka ule ambao nyumbani kwetu haukuwa ukitajwa kwa hesabu, ukiitwa tu “mwaka ule”. Baba alifanya kazi Maskati na kurudi kila Alkhamisi. Mama alisomesha skuli ya wasichana, na akishalala mchana hata mngeibomoa nyumba angegeuka ubavu tu. Shangazi Zeyana, binti wa pekee wa Bibi, alikuwa ameolewa Nizwa, akija kwetu mara kwa mara kuhakikisha kwamba tunaishi vibaya kuliko yeye. Na kitinda mimba alikuwa Ami Khalfan, aliyeijenga nyumba yenyewe.

Ami Khalfan alitoka Unguja akaenda Uingereza, akakaa huko miaka. Oman ilipofunguka katika miaka ya sabini na watu wakaitwa kurudi, alirudi Ibra, akaoa Bi Asila, mtu wa Sur, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Hawakujaaliwa mtoto. Lakini kila mwaka, baridi ikianza, Ami alikwenda tena Uingereza miezi mitatu minne kutibiwa figo. Uingereza katika vinywa vyetu haikuwa nchi, ilikuwa hospitali. Mtu akisema “Khalfan yuko Uingereza”, sisi watoto tulijua hapo pana kuinamisha kichwa.

Mwaka wenyewe ninaousimulia, mwanzo wa miaka ya themanini, alituma kaseti ya video kwa mkono wa msafiri. Ndani mlikuwa na karatasi, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na Bibi akaisoma kwa sauti: “Hii ni sinema ya sikukuu yao, mtanisamehe, sikupata nyingine. Waingereza Krismasi yao hupenda kutishana. Sisi Idi tunapeana halua, wao wanapeana mizuka.”

Tukakaa sote mbele ya televisheni, alasiri, na sahani ya tende. Hakuna aliyejua Kiingereza cha kutosha. Mama alikijua cha vitabuni, na hawa walikuwa wanakisema kama watu waliotiwa pamba mdomoni. Tuliona nyumba kubwa ya mawe imefunikwa theluji mpaka madirishani. Tuliona sebule yenye mti mzima umesimamishwa ndani na kuwashwa taa, na Bibi akauliza kama watu hawa hawana uwanja. Alikuja mgeni mwenye sharubu. Wenyeji walimpa chakula, wakacheka, wakaimba. Lakini kila alipoinua macho kutazama ngazi, kicheko kilikatika, na mtu mmoja haraka akamjazia glasi. Kwani chumba cha juu alikuwamo mwanamke. Amevaa nyeupe, kichwa mpaka miguu, amekaa kwenye kiti, mgongo kwetu, uso dirishani. Hasemi, hali, hashuki.

Mimi nilijificha nyuma ya bega la mama. Bibi akatema kokwa ya tende.

“Sasa wanamwogopea nini? Si mtu yuko edani huyo!”

“Mama, hii sinema ya mizuka,” Bi Asila akasema.

“Mizuka gani? Mwanamke amefiwa na mumewe, amevaa nyeupe, amekaa chumbani kwake, hatazamani na mwanamume. Mgeni ndiye hana adabu, anachungulia chungulia tu. Hana mama huyo?”

Tukacheka sana, na sinema ikatulainikia. Mgeni akachukua mshumaa, akapanda ngazi, akashika kitasa cha mlango, na papo hapo zikaja chenga. Kaseti ilikwisha pale. Ami hakujua, au hakuwa na kaseti ndefu zaidi. Bibi akasema vizuri, Mungu amemsitiri mwanamke wa watu.

Baada ya wiki chache Ami Khalfan alifariki huko huko. Alizikwa huko huko. Nakumbuka simu, kisha nakumbuka viatu vingi mlangoni.

Bi Asila akaingia eda. Mnajua, au kama hamjui nitakwambieni: miezi minne na siku kumi mjane hukaa nyumbani, hajipambi, hajitii manukato wala wanja, na wanaume walio ajinabi kwake, wasio jamaa wa karibu, hawaingii alipo. Kwetu alivaa nyeupe. Na kwa kuwa Bibi hakutaka televisheni ionekane sebuleni ndani ya msiba, ilifunikwa kanga, ikabebwa pamoja na mashine yake ya video, ikawekwa chumbani mwa Bi Asila, ambamo hakuna mgeni angeiona.

Basi fikirini mimi. Chumba cha juu, mwanamke wa nyeupe, kiti, dirisha. Kila nilipompelekea uji nilimkuta mgongo kwangu. Niliingiwa na shaka ambayo sikuweza kumwambia mtu: kwamba aliyekaa mle si Bi Asila. Wenzangu wa skuli waliniambia kiumbe asiye mtu utamjua kwa miguu, ana kwato. Nikaangusha kijiko makusudi nipate kuinama. Nikaona visigino vya kawaida, kimoja kimepasuka.

“Unatafuta nini huko chini?” aliuliza bila ya kugeuka.

“Kijiko.”

“Kijiko kiko kulia. Wewe umeangalia kushoto.”

Kwa upande wake Bibi alibadilika. Mwanamke yule wa maskhara akawa bawabu. Kila aliyepiga hodi alimpokea yeye; kila mwanamke aliyekuja kumtazama mfiwa alikaa naye kwanza chini, akanyweshwa kahawa, akaulizwa ametoka wapi, amesafiri lini, anajuana na nani, kabla ya kuruhusiwa kupanda. Barua zilipita mkononi mwake. Sanduku la nguo za Ami lilipoletwa kutoka Uingereza, Bibi alilifungua peke yake, mlango umefungwa, na tukasikia karatasi zinachanwa. Kisha akampelekea Bi Asila mashati, msahafu, na koti zito la sufu ambalo hakuna mtu Ibra angeweza kulivaa. Tulisema, tazama anavyomlinda mkwe wake. Soko la wanawake la Jumatano halikuwa na habari nyingine: mjane wa Khalfan amepata mama mkwe wa kupigiwa mfano.

Sasa nifike mchana ule. Nilikuwa napita kwenda kunywa maji, nikasikia kupitia mlango wa Bi Asila sauti ya mwanamume.

Ilikuwa ya chini, ya kukwaruza, ikichanganyika na ngurumo ya kiyoyozi. Haikuwa ya baba. Ilikuwa inasema jambo refu, polepole, kama mtu aliyekaa kitandani. Kisha ndege wale wa debe, kisha kta, kisha mwanamume akaanza upya. Sikungoja. Kesho yake nikarudi, na kesho kutwa. Siku ya nne nilimwambia Bibi.

Nataka muelewe nilichokuwa nakifanya, kwa sababu mimi mwenyewe sikukielewa. Nilidhani napeleka habari ya mzuka. Nilisema, “Bibi, kuna mwanamume chumbani mwa Bi Asila.” Shangazi Zeyana alikuwa amefika asubuhi kutoka Nizwa, amekaa pale pale anachambua mchele.

Sinia likaanguka.

“Mwanamume! Edani! Wallahi kaka yangu hata udongo wake haujakauka!”

“Punguza sauti,” Bibi alisema. “Kuta za Ibra zina masikio, tena siku hizi yamejifunza na Kiswahili.”

“Nipunguze nini? Nilisema mimi. Mtu wa maneno machache, maneno mengine anayaweka wapi? Leo nimepata jawabu!”

“Mtoto ameota.”

“Wewe Rayya, umeota?”

“Sikuota, Shangazi. Anaongea kila siku baada ya sala ya adhuhuri.”

“Tena ana ratiba!” Shangazi akasema.

Nilimtazama Bibi nikitarajia hasira. Niliona kitu kingine. Alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu kisisimame. Akasema taratibu, “Tumwache, Zeyana.”

“Tumwache? Mama, wewe? Wewe unayemhoji hata muuza samaki?”

Kama mambo yangekwenda alivyotaka Shangazi, Bi Asila angetolewa nyumba ile kwa jina ambalo mwanamke wa mkoa wetu wa Sharqiya halioshi kwa maji ya mifereji yote ya falaji. Hilo hata mimi nililijua. Neno moja tu sokoni Jumatano, na mpaka Alkhamisi lingekuwa limefika Sur, kwa kaka zake. Nikaanza kulia. Shangazi akaniambia nilie kimya kimya.

Mchana, nyumba ilipolala, tulipanda ngazi sisi watatu. Bibi alikuwa wa mwisho, akipumzika kila kidato. Kwa hakika mwanamume alikuwamo. Shangazi aliinua kidole, akasema “Bismillahi” kwa sauti ya mtu anayetaka kuchinja, akausukuma mlango.

Pazia lilikuwa limeshushwa. Televisheni ilikuwa inawaka bila ya sauti, ile nyumba ya mawe, ile theluji, na mwanga wake mweupe ulikuwa unatembea juu ya uso wa Bi Asila. Amekaa mkekani. Mapajani ana redio ya kaseti. Na ndani ya redio mwanamume alikuwa anasema:

“... sasa tazama kwenye ngazi, huyu bwana anauliza juu kuna nani, na wao wanamwambia hakuna mtu. Umemuona mwanamke? Mama hapo atasema huyu yuko edani. Namjua Mama. Mwambie si hivyo, Asila, mwambie...” Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Bibi alikaa chini pale pale kizingitini, kwa uzito, kama furushi.

“Khalfan,” alisema.

Ndiyo hivyo. Ami yangu alijua mkewe atakuwa ameitazama sinema ile kama bubu. Basi kule alikokuwa, huku kaseti nyingine ya namna ile ile ikizunguka mbele yake, alikamata redio akamsimulia yote kwa Kiswahili, picha baada ya picha, ili awashe vitu viwili kwa pamoja na kufuatana naye. Hakuwahi kuituma. Ilikuwa ndani ya mfuko wa lile koti zito, mfuko wa ndani, ambao Bibi hakuufikia.

Shangazi alikuwa anabubujikwa machozi na kuomba msamaha kwa mpigo mmoja. “Nisamehe dada yangu, shetani, shetani tu, lakini hata hivyo, sauti ya maiti edani, hukumu yake nini?”

“Kamuulize mwalimu,” Bi Asila alisema. “Na umwambie ulivyosukuma mlango.” Kisha, bila ya kupandisha sauti: “Kaeni. Hamjasikia bado.”

Akabonyeza. Ndege wakalia. Kta. Ami akawa anaeleza habari ya mti ndani ya sebule, akatania kitu. Kikasikika kikombe kinatua juu ya kisahani. Na karibu, karibu sana na redio, sauti ya mwanamke, tulivu, ya Kiunguja safi:

“Khalfan, chai yako inapoa.”

Bi Asila akazima.

Kiyoyozi kiliendelea kunguruma. Kwenye televisheni watu walikuwa wanainua glasi zao.

“Nesi huyo,” Shangazi akasema.

“Nesi wa Kiingereza?”

“Basi jirani. Uingereza wamejaa watu wa kwetu.”

“Jirani anamwita mume wa mtu kwa jina, bila ya bwana wala kaka, anamjua na chai yake.” Bi Asila aliuweka mkono juu ya redio. “Siku thelathini naisikiliza. Mlidhani nampenda sana, hata sishibi sauti yake. Nampenda, ndiyo. Lakini mimi nairudisha kaseti hapo tu. Nasikiliza chai.” Kisha akamgeukia mama mkwe wake. “Mama. Nani huyu?”

Bibi alikuwa hamtazami mtu. Alikuwa anafuta vumbi kizingitini kwa kiganja, vumbi ambalo halikuwapo.

“Alikuwepo kabla yako,” alisema.

Hapo hata Shangazi Zeyana alinyamaza, na hilo tulikuja kulitaja katika ukoo kwa miaka.

Mengine yalitoka kwa vipande. Khalfan alimuoa kule kule, baada ya mwaka ule, walipokuwa wote wawili hawana kwao. Khalfan aliporudi Oman, mwanamke yule hakutaka kuja. Mama yake alikuwa mgonjwa, hapandi ndege. Bibi alitaka mwanawe aoe karibu, azae karibu. Akamwambia, Asila hana haja ya kujua, utamuumiza bure. Figo zilikuwa zinauma kweli, lakini si miezi minne kila mwaka. Barua zilizochanwa zilikuwa za yule mwanamke. Wageni waliohojiwa juu ya kahawa walikuwa wale wanaoweza kuwa wamepita Uingereza. Mji mzima ulidhani Bibi anamlinda mkwe wake na wanaume. Alikuwa anamlinda na habari.

“Mtu mwingine angefunga nguo zake jioni hii hii,” Bi Asila alisema. “Mimi siwezi kutoka. Zimenibakia siku themanini. Nitazikaa humu, Mama, na wewe utakaa huko chini, na siku ya themanini na moja nitakwenda kwetu Sur.”

Siku themanini ni nyingi katika nyumba moja. Hawakusemezana. Mimi ndiye niliyekuwa simu yao. “Mwambie bibi yako mchuzi umezidi chumvi.” “Mwambie Bi Asila chumvi ni ile ile ya siku zote.” “Mwambie bibi yako siku zote nilikuwa nanyamaza.” Nilipanda na kushuka ngazi hizo mpaka nikakonda, na nilijua, hakuna aliyenificha, kwamba nimeyaanzisha mimi kwa ulimi wangu. Usingizi wa mchana ulinihama kabisa. Nilimpenda Bi Asila, na kila siku iliyopita ilikuwa siku moja imepungua kabla ya kumpoteza.

Zilipobakia kama siku thelathini aliniita. Alikuwa ana kaseti mpya. Hakuvijua vifungo viwili vinavyobonyezwa pamoja ili kunasa sauti, akataka nimshikie. Nikabonyeza. Akautazama mkanda unavyozunguka, nikaogopa unakwisha bure. Kisha akazungumza, na alizungumza kama mtu aliyeko dirishani kwa jirani.

“Mwenzangu. Jina langu unalijua, lako nimelipata juzi. Sikuletei ugomvi, aliyetugombanisha keshatangulia mbele ya haki. Nauliza mambo mawili. Eda unaikaa na nani? Mimi hapa nina watu, nimewanunia lakini wapo. Wewe nani anakupikia? Na la pili. Hii sinema yake imekatika. Yule bwana ameshika kitasa, kisha basi. Na Khalfan naye kwenye kaseti kachoka, kasema mwisho atanihadithia akija. Wewe ulikuwepo chumbani. Mwishowe nini?”

Akanionesha kidole nizime. “Mpelekee bibi yako. Anuani anayo yeye.”

Nilimpelekea. Bibi aliipokea kwa ncha za vidole, akaitia kifuani. Basi mimi, niliyekuwa nimemshuku mjane asiye na kosa, nikaanza kumshuku bibi yangu. Nilipekua sanduku lake la mninga alipokuwa anatawadha. Nilipekua chini ya godoro. Nilichungulia hata ndani ya jaa, nikitafuta mkanda uliokatwakatwa. Sikuona kaseti, na kutoiona hakukunipa amani. Mtu aliyechana barua za watu anajua kuficha.

Eda ikaisha. Wanawake walikuja, Bi Asila akakoga, akavaa nguo ya rangi, akatiwa udi. Kesho yake lilikuwa begi lake mlangoni, na kaka yake wa Sur alikuwa ametuma salamu kwamba atakuja na gari Ijumaa.

Jumatano, mchana, Bibi alipanda ngazi peke yake. Nilimfuata kwa nyuma. Alipiga hodi, yeye, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na Bi Asila alipofungua alimnyooshea bahasha nene yenye stempu za kigeni. Gundi yake ilikuwa haijaguswa.

“Imekuja leo,” alisema. “Sikuifungua.”

Lilikuwa neno lao la kwanza baada ya siku themanini na kitu. Bi Asila akaigeuza bahasha, akakagua mkunjo baada ya mkunjo kama askari wa mpakani, kisha akaingia na kufunga mlango.

Bibi akakaa kwenye kidato cha juu. Nikakaa karibu yake. Kutoka ndani ikaja sauti ile, ya chai, lakini sasa inasema kwa kirefu, na mengi sikuyashika. Nilisikia kwamba anapikiwa na jirani wa Kipakistani, na pilipili zinamuua. Nilisikia anasema, “Chai ile ilikuwa moto, mwenzangu.” Kuhusu sinema alisema hajui. Mwisho ulipofika alikuwa jikoni anapasha maji ya dawa, na aliporudi televisheni ilikuwa inaonesha watoto wa kanisani wanaimba, na Khalfan kalala.

Bibi hakutega sikio. Alikuwa ameziba masikio yote mawili kwa viganja, amefumba macho, mpaka kta.

Bi Asila alitoka baada ya sala ya alasiri, akashuka, akala nasi sinia moja kwa mara ya kwanza. Akasema mchuzi una chumvi. Bibi akasema ni kweli. Ijumaa kaka yake alikuja kutoka Sur, akala, akalala, akanywa kahawa, akaondoka na gari tupu.

Nilibeba kosa langu miaka kumi na tano. Nilikuwa mtoto mpekuzi niliyetaka kumvunjia jina mjane, nikaokolewa na koti la sufu. Nilipokuwa mtu mzima, nikiandika hadithi za upelelezi usiku, nilijikuta nawapa wapelelezi wangu wote miguu mitupu na umri wa miaka tisa. Mwishowe, siku nilipokuwa nakwenda kuolewa, Bi Asila ananisuka nywele, nilimwomba msamaha. Nilimwambia, ni mimi niliyesikiliza mlangoni, ni mimi niliyekwenda kusema.

Mikono yake haikusimama.

“Na nani alikuwa ameongeza sauti?” aliuliza.

Sikufahamu.

“Nilikuwa edani, Rayya. Siwezi kutoka nikauliza. Na mama mkwe humwiti mbele yako ukamsuta. Nani angenisadiki, mwanamke na kikohozi ndani ya kaseti? Lakini waambie watu mjane ana mwanamume chumbani, watakuja wenyewe mbio, na watasikiliza mpaka mwisho.” Alikaza suka moja nikafumba macho. “Wiki tatu niliisikiliza chini chini, peke yangu. Kisha nikaifungua sauti, nikakaa kungoja nani atapita. Siku nne nzima nakusikia unapumua mlangoni, mwanangu, nasema moyoni, mtoto huyu mzito! Atakwenda kusema lini?”

Ndipo nilipoielewa na ile chai iliyokuwa moto: haikuwa inapoa hata kidogo, mwenzake naye alitaka tu asikike kwenye kaseti.